Dawa ya Jumapili: kisa cha vidonge sita

Kibahasha chenyewe ningali nacho kwenye droo ya meza yangu, famasia. Ni cha kaki, kinaenea kiganjani, kama vile wanavyofungia dawa maduka yote ya Nairobi kuanzia Kayole hadi Kawangware. Kwa kalamu ya bluu kimeandikwa MTX, kifupi cha dawa iitwayo methotreksati, na chini yake 6 × 1. Hayo tu. Kwa maandishi hayo mama wa miaka 61 alimezeshwa dozi ya wiki nane ndani ya siku nane, tena akiwa kitandani hospitalini, mikononi mwa watu waliosomea kazi yao. Mmoja wao ni mimi.

Hospitali sitaitaja. Umri na mambo mengine machache nimeyageuza ili wenyewe wasitambulike. Mama na bintiye walikubali kisa kisimuliwe, binti alisema tu, "Andikeni vile ilikuwa, msiipake poda." Nitajaribu.

Kabla ya hospitali

Mama ana kibanda cha nguo za mtumba karibu na kwake, Kayole. Kwa miaka minne ameishi na baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili huvigeukia viungo na kuvishambulia. Vidole vimevimba, na asubuhi mwili hukaza kama ubao mpaka jua lipande. Kliniki ilimwanzishia methotreksati. Ni dawa kongwe: Marekani iliidhinishwa mwaka 1953 kutibu saratani, na mwaka 1988 ikaidhinishwa huko kwa baridi yabisi pia. Kwa baridi yabisi hutolewa kwa kiasi kidogo, na mara moja tu kwa wiki. Sasa fikiria vidonge vingine vyote ambavyo mtu wa umri wake huvijua: vya presha, vya sukari, vya moyo. Vyote ni vya kila siku. Hiki peke yake husubiri wiki izunguke.

Mama alilijua hilo kuliko sisi sote. Alijichagulia Jumapili, akitoka kanisani, baada ya chai. Vidonge sita vya miligramu 2.5, jumla miligramu 15. Nyumbani kwao hakuna anayeitamka methotreksati; inaitwa "dawa ya Jumapili". Katikati ya wiki humeza kidonge kimoja cha asidi ya foliki ili kupunguza makali yake. Daktari wa kliniki alikuwa ameandika vizuri kwenye daftari lake: miligramu 15, mara moja kwa wiki, mwezi mmoja. Duka la dawa likamhesabia vidonge 24, likavifunga, likaandika 6 × 1.

Mkenya hahitaji kufasiriwa lugha hiyo. 1 × 3 ni kimoja mara tatu, 2 × 2 ni viwili mara mbili. "Kwa siku" haiandikwi kwa sababu kila mtu anaisoma hata isipokuwepo. Aliyeandika 6 × 1 alisema kweli: sita, mara moja. Wiki ilibaki kichwani mwake na kichwani mwa mama, na kwa kuwa vichwa hivyo viwili vilielewana, miaka minne ikapita salama. Nalikazia hili kwa sababu tuna mazoea ya kuanza kulitafuta kosa pale lilipoumiza. Hili lilikuwa limejikalia ndani ya kibahasha, mwezi baada ya mwezi, likimngoja msomaji asiyejua habari za Jumapili.

Jumanne hadi Ijumaa

Jioni ya Jumanne, mvua ya Aprili, mama alishuka matatu akateleza na kuangukia nyonga. Shingo ya mfupa wa paja ikavunjika. Alifika kwetu usiku, na akapokewa na daktari aliye katika mwaka wa mafunzo, wale tunaowaita intani. Kijana alikuwa kazini tangu asubuhi. Akauliza anatumia dawa gani. Binti akafungua mkoba, akatoa kibahasha na tembe za presha. Daftari la kliniki lilikuwa limebaki nyumbani juu ya kabati. Asidi ya foliki nayo ilibaki: jirani alikuwa amemwambia binti kwamba hiyo ni ya wajawazito, na yeye akaona haya kumbebea mamake.

Intani akapiga hesabu ya vidonge sita mara 2.5, akapata 15, akaandika kwenye chati ya dawa: methotreksati, miligramu 15, OD. Herufi hizo mbili katika wodi zetu ni mara moja kwa siku. Tulipokaa naye baadaye nilimwuliza kama alijua dawa hii ni ya wiki. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la babake. "Najua. Ungeniuliza kwenye mtihani ningekujibu. Usiku ule sikuwa naandika methotreksati, nilikuwa nanakili kibahasha."

Jumatano asubuhi toroli ya dawa ilipofika kitandani kwake, wodi ilikuwa na wagonjwa 44, sista wawili na wanafunzi watatu wa uuguzi. Mwanafunzi mmoja alimhesabia vile sita. Mama akavitazama kiganjani, akasema, "Hizi si za leo, mwanangu. Hizi ni za Jumapili."

Msichana hakupuuza. Alikwenda kwa sista akamweleza. Sista akaja, akaisoma chati, akamwambia mama kwa upole, "Hapa hospitali tunafuata chati, mama. Daktari amekupangia upya." Mama akameza. Nilimwuliza kwa nini hakushikilia, akasema, "Nilidhani kwa vile nimevunjika, wameniongezea."

Kwa hiyo taarifa sahihi ilikuwamo wodini siku ya kwanza, ikatamkwa kwa Kiswahili chepesi, na ikasikiwa na watu wawili. Nikihesabu yote yaliyotokea, hapo ndipo roho yangu hurudi mara nyingi zaidi.

Kuna somo ambalo kila muuguzi hukaririshwa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Sista yule aliyatimiza yote matano. Jina kwenye utepe wa mkono lililingana na chati. Dawa ilikuwa ile iliyoandikwa, kipimo kile, kwa mdomo, saa mbili asubuhi. Orodha hiyo humlinda mgonjwa dhidi ya mtu anayeiacha chati. Chati yenyewe ikiwa ndiyo iliyopotoka, orodha hugeuka mhuri wa kuidhinisha kosa. Sisemi ifutwe. Nasema nimewasikia wasimamizi wengi mno wakiitaja kana kwamba ni dawa ya kila kosa la dawa, na kisa hiki kinawasuta.

Vidonge vilivyokuwa kwenye kibahasha vilikuwa 18, maana sita alikuwa ameshavimeza Jumapili nyumbani kwake. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa: vikaisha.

Dirisha langu

Jumamosi nilikuwa peke yangu dirishani na msaidizi mmoja. Wanaofanya kazi famasia ya hospitali wanaijua Jumamosi: wagonjwa wanaoruhusiwa kwenda nyumbani wanataka dawa zao kabla bili haijaongezeka siku nyingine, na wodi zote zinaomba akiba ya wikendi kwa mpigo. Karatasi ya ombi ikaja katikati ya rundo. Methotreksati 15 mg OD × 5/7. Hiyo 5/7 ni mwandiko wetu wa hospitali, siku tano. Nikazidisha sita kwa tano, nikapata 30, nikahesabu 30, nikatia saini.

Nimejiuliza mara nyingi kilichonipofusha ni nini, na jibu linaniudhi kwa sababu lina mantiki. Kuna uvimbe unaotokana na kondo la nyuma baada ya ujauzito, na katika matibabu yake methotreksati huweza kutolewa miligramu 15 hadi 30 kila siku kwa siku tano. Nimewahi kutoa dozi hiyo. Karatasi iliyokuja mbele yangu ilikuwa na umbo lile lile: 15, kila siku, siku tano. Haikutaja umri. Haikutaja ugonjwa, kwa kuwa fomu yetu haikuwa na nafasi ya ugonjwa. Wodi ilitajwa kwa nambari tu. Jicho likaona kitu linachokifahamu, likatulia. Nilihakiki hesabu, sikuhakiki maana, na hesabu ilikuwa sawasawa.

Simu moja ya wodini ingetosha. Sikuipiga.

Mwili unavyolipa

Methotreksati hufunga njia ambayo seli huitumia kugeuza foleti kuwa malighafi ya kuzalishia seli mpya. Zinazoumia kwanza ni zile zinazogawanyika upesi: ngozi laini ya mdomo na utumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Dozi ya wiki moja huzipa seli hizo siku sita za kupumua. Ikirudi kila siku, hazipumui kabisa. Tena dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo, na hapo ndipo mambo mawili ya kawaida kabisa ya wodini yalipotuongezea kuni motoni.

La kwanza, alikuwa anadungwa diklofenaki kwa maumivu ya nyonga. Dawa za kundi hilo huweza kupunguza kasi ya figo kuitoa methotreksati. La pili ni aibu yetu ya kila siku. Mama alipangiwa thieta, yaani upasuaji, mara mbili, Ijumaa na Jumatatu, na mara zote mbili orodha ikajaa kabla zamu yake haijafika. Kila mara alikuwa amefungishwa chakula na maji tangu usiku wa manane hadi alasiri, bila dripu, akipewa vidonge vyake kwa tama moja la maji. Mtu wa miaka 61, mfupa umevunjika, kiu, diklofenaki, halafu methotreksati. Figo zilichoka. Katika ripoti zetu kuahirishwa kwa upasuaji huandikwa kama tatizo la ratiba, wala hakuna anayekumbuka kwamba huwa pia tatizo la dawa.

Jumatatu hiyo hiyo alianza kulalamika mdomo unawaka. Raundi ikaona vidonda na weupe, ikadhani ni utando wa fangasi, ikamwandikia nistatini. Mdomo ndio kengele ya kwanza ya methotreksati. Aliyeisikia aliitafsiri vingine. Simlaumu sana, maana fangasi za mdomo wodini ni jambo la kila wiki, na hii mtu anaweza kumaliza mafunzo asiione hata mara moja.

Alhamisi

Thieta ya Alhamisi ilikuwa ya uhakika, kwa hiyo Jumatano jioni alitolewa damu upya. Siku ya kulazwa chembe nyeupe zilikuwa 6,200, sasa zilikuwa 1,100. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilishuka kutoka 240,000 hadi 31,000. Kreatinini, kipimo cha figo, ilikuwa imepanda mara mbili.

Daktari wa nusukaputi alipoyaona majibu alikataa kumgusa. Halafu akafanya kitu ambacho hakimo katika orodha ya kazi zake: akavuta kiti, akaisoma chati ya dawa kutoka juu hadi chini kama mtu anayesoma barua. Simu yake ilinikuta nikinywa chai. "Nani anameza methotreksati kila siku kwenye wodi ya mifupa?"

Nilikwenda kwa miguu isiyokuwa yangu. Binti alikuwa pale, akampigia nduguye aliye nyumbani, na yule akapiga picha ya ukurasa wa daftari na kuituma. *Mara moja kwa wiki.* Siku tisa picha hiyo ilikuwa umbali wa simu moja.

Dawa ilisimamishwa, diklofenaki pia. Akawekewa dripu ili figo zifanye kazi, akahamishiwa chumba cha peke yake, akaanzishiwa antibiotiki ya mshipa maana joto lilikuwa limeanza kupanda. Siku zilizofuata akapewa filgrastimu ya kuusukuma uboho na kuongezewa chembe sahani mara mbili. Lakini dawa yenyewe ya kuzima sumu hii ni asidi ya foliniki, na hapo karibu tuteleze mara ya pili.

Sikiliza majina: foliki, foliniki. Silabi moja. Ya kwanza imejaa katika kila kabati la wodi, tembe ndogo za manjano. Ya pili ilikuwa stoo ya kitengo cha saratani tu. Asidi ya foliki haiwezi kuokoa hapa, kwa sababu inahitaji kupita mlango ule ule ambao methotreksati imeufunga. Foliniki huingilia mlango wa nyuma, imeshageuzwa tayari. Agizo lilitolewa kwa mdomo, kwa haraka, na sista wa zamu ya jioni alisikia alichokuwa nacho kabatini. Alikuwa ameshahesabu tembe tatu za manjano kwenye kikombe. Aliyemzuia ni mwanafunzi yule yule wa Jumatano, aliyeuliza tu, "Hii si ndiyo wanapewa kina mama wa kliniki?"

Mara hii swali lake lilisimamisha kazi. Tukapiga simu kitengo cha saratani, chupa zikaletwa kwa mkono.

Kuwaambia wenyewe

Kulikuwa na mvutano mfupi ofisini. Kuna waliotaka tuseme "mama amepata madhara ya dawa", sentensi ambayo si uongo na si kweli. Daktari bingwa wa mifupa alikataa. Akaniomba twende pamoja, akaketi badala ya kusimama, akamwambia mama na binti: dawa yako ya wiki tulikupa kila siku, kosa ni letu, limekudhuru damu na figo, hivi ndivyo tunavyolitibu, na gharama ya matibabu haya haitaingia kwenye bili yako. Hakutaja jina la mtu. Mimi niliongeza kwamba vidonge 30 vya mwisho nilivitoa mwenyewe.

Binti alinyamaza muda mrefu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Si mama aliwaambia?" Tukasema ndiyo, aliwaambia.

Nani, au vipi

Kabla kikao cha uchunguzi hakijaitishwa, sista wa Jumatano alikuwa ameshapewa barua ya kujieleza. Ndiye aliyempa dawa siku ya kwanza, na saini yake ndiyo iliyokuwa rahisi kuonekana. Intani naye akaandikiwa. Mimi sikuandikiwa chochote, jambo ambalo linaeleza vizuri jinsi barua hizi zinavyotafuta wenyewe.

James Reason, mwanasaikolojia wa Uingereza, alifananisha ulinzi wa kazi za hatari na vipande vya jibini vyenye matundu: ajali hupita siku matundu yanapojipanga. Sisi wa mabati tunaweza kulielewa hata bila jibini. Paa halivuji kwa sababu ya msumari mmoja. Huvuja mvua inapopata tundu juu, ikateremka, ikakuta na chini pana tundu. Kwetu tundu la juu lilikuwa kibahasha. Chini yake chati isiyo na nafasi ya kuandika siku ya wiki. Chini yake fomu ya famasia isiyotaja ugonjwa, mazoea ya kumjibu mgonjwa kwa chati, daftari lililobaki juu ya kabati. Ukimfukuza sista umeng'oa msumari mmoja, na mvua ya kesho haimjui.

Wala hatukuwa wa kwanza. Mwaka 2004 wakala wa usalama wa wagonjwa wa Uingereza ulitoa tahadhari kuhusu kosa hili hili, baada ya vifo 25 kuhusishwa na methotreksati ya kumeza katika muda wa miaka kumi hivi. Mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya lilirudi tena kwenye jambo hilo hilo, likitaka pakiti ziwe na onyo la wazi kwamba ni mara moja kwa wiki, na vidonge viache kuwekwa kwenye chupa vifungwe kimoja kimoja kwenye karatasi zake. Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2017 kampeni ya dawa bila madhara, lengo likiwa kupunguza kwa nusu madhara makubwa yanayoepukika ndani ya miaka mitano. Nataja haya kwa sababu moja. Nchi zenye kompyuta kila kitanda zimeanguka shimo hili hili, kwa hiyo anayetuambia tatizo ni uzembe wa wauguzi wa Nairobi hajasoma.

Barua za kujieleza hatimaye ziliondolewa. Haikuwa rahisi, na daktari wa nusukaputi alilazimika kupandisha sauti. Ripoti ilipelekwa Bodi ya Famasia na Sumu kupitia mfumo wake wa mtandaoni, ambao hupokea makosa ya dawa na pia madhara yake. Wenzangu wengi huijua fomu ya madhara, hii ya makosa wakaiogopa kama karatasi ya polisi.

Tulichobadilisha, na kisichobadilika

Mapendekezo ya kwanza mezani yalikuwa yale ya siku zote: waraka kwa wote, mafunzo ya saa mbili, bango ukutani. Sina ugomvi na mabango. Ila intani alikuwa anajua, mimi nilikuwa najua, na kujua hakukumsaidia mama. Nilitaka kitu ambacho mtu aliyechoka hawezi kukipita hata akitaka.

Sasa famasia haitoi methotreksati ya vidonge kwa wodi zaidi ya dozi moja kwa wakati, isipokuwa kitengo cha saratani. Ukiomba ya siku tano, unapata pakiti moja yenye vidonge vya siku moja, imeandikwa siku hiyo kwa herufi kubwa. Ya pili haitoki mpaka wiki ipite. Hilo ndilo badiliko ninaloliamini. Lingeniziba mimi Jumamosi ile.

Kwenye chati, siku sita zisizo za dawa zinakatwa kwa rula na kalamu nyekundu siku ile ile dawa inapoandikwa. Ni kazi ya mkono, inasahaulika, na tumeshaomba mara mbili chati mpya zenye nafasi ya siku bila kuletewa. Fomu ya ombi imepata mistari miwili, umri na ugonjwa. Na kila anayelazwa akiwa na dawa za nyumbani, mfamasia au msaidizi wake anamfikia ndani ya siku moja, akilinganisha vitu vitatu: vifungashio, daftari la kliniki hata kama ni picha ya simu, na maneno ya mgonjwa mwenyewe. Swali tunaloanza nalo ni "Hii unaimeza siku gani na saa ngapi?" Tuliacha "Unatumia dawa gani?" kwa sababu hilo huleta kibahasha. Wikendi kazi hii hulegea, nakiri, kwa sababu wikendi tuko wawili.

Jambo la mwisho ni gumu kuliandikia utaratibu. Tumekubaliana kwamba mgonjwa au ndugu akisema "hii siyo yangu" au "hii si ya leo", toroli husimama kwenye kitanda hicho mpaka aliyeandika dawa aulizwe. Mwezi wa kwanza masista walinung'unika kwamba raundi ya dawa imechelewa. Ilichelewa kweli.

Mama alikaa nasi wiki sita. Nyonga ilitengenezwa wiki ya nne, damu ilipokuwa imerudi. Figo zilirudi karibu zote. Kibanda chake sasa anakiendesha binti, na yeye huketi pembeni na fremu yake ya kutembelea, akitaja bei. Methotreksati amerudishiwa, dozi ndogo zaidi. Bado ni Jumapili.

Miezi miwili baadaye nilikwenda Kayole kulitafuta lile duka la dawa, kwa sababu niligundua hakuna aliyewahi kuwaambia. Nilimkuta mwenye duka, mama mtulivu wa makamo, nikamwonyesha kibahasha. Aliutambua mwandiko wake. Nilipomaliza kusimulia alikaa kimya, kisha akachukua bunda la vibahasha vipya lililokuwa juu ya kaunta na kuandika kwenye cha kwanza: *6, JUMAPILI TU, mara moja kwa wiki*. Akaniuliza kama inatosha. Nikasema inatosha.

Halafu akafungua daftari la mauzo na kuanza kushuka kurasa kwa kidole, akihesabu kwa sauti wateja wake wengine wa dawa hiyo. Walifika kumi na mmoja. Tulikaa nyuma ya kaunta tukawapigia mmoja mmoja kwa simu yake. Tisa walipokea.